Buxton: aliyeilaumu serikali yake kwa vita vya ugenini

Kila asubuhi utingo wa matatu kisiwani Mombasa hulipaza jina la Buxton, na abiria hushuka na kushika njia zao, wengine kuelekea Tononoka, wengine Tudor, na wengine kutafuta gari la kuwavusha Daraja la Nyali. Wanafunzi ni wengi miongoni mwao. Ukimsimamisha mmoja na kumwuliza Buxton alikuwa nani, yamkini atakujibu kwamba Buxton ni mtaa. Akiwa amesoma kidogo, ataongeza kwamba palikuwa na shule ya wamisionari wa C.M.S. iliyoitwa kwa jina hilo. Nyumba za zamani za manispaa zilibomolewa katika miaka hii ya 2020, na mahali pake pakasimama ghorofa mpya. Jina, hata hivyo, halikubomolewa. Limepanda ghorofani pamoja na wapangaji.

Jina hilo ni la ukoo wa Waingereza ulioshikamana kwa muda mrefu na misheni na biashara ya pwani yetu. Aliyelipa sifa duniani ni Sir Thomas Fowell Buxton, mtu ambaye hakupata kuiona Mombasa kwa macho yake. Alizaliwa mwaka 1786, akafariki mwaka 1845. Vitabu vyetu vya shule, kama vinamtaja, humtaja kwa sentensi moja, ubavuni mwa Wilberforce, kuwa ni mmoja wa waliopinga utumwa. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini imetuficha sehemu ya maisha yake ambayo kwa maoni yangu ingewafaa zaidi walimu na wanafunzi wa leo. Ni ile habari ya mbunge aliyesimama katika Bunge la dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote, akawaambia mawaziri na magavana kwamba vita walivyokuwa wakivipiga katika nchi za watu vilikuwa dhuluma tupu. Na baada ya hapo kuna sehemu nyingine, iliyo chungu, ya mahali alipoishia mtu huyo huyo.

Buxton alizaliwa katika jimbo la Essex. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na mama yake, Anna Hanbury, mwanamke wa madhehebu ya Marafiki, ambayo wengi wetu tunayajua kwa jina la Quaker. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Walimu watafurahi, au pengine watakasirika, kusikia kwamba mtu aliyemshukuru maishani mwake kwa kumfunza uadilifu hakuwa mwalimu bali mtunza wanyama wa mawindo wa shambani kwao, mzee ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Kilichombadilisha kijana huyu ni kuzuru kwake nyumba ya akina Gurney, Waquaker wa karibu na mji wa Norwich, ambako vijana wa kike kwa wa kiume walisoma na kujadiliana kwa bidii. Akaona haya kwa uvivu wake. Akaenda Chuo cha Trinity mjini Dublin, akafaulu kwa daraja la juu kabisa, na mwaka 1807 akamwoa Hannah Gurney. Dada wa mkewe alikuwa Elizabeth Fry, yule mama aliyewahudumia wanawake wafungwa katika gereza la Newgate. Noti ya pauni tano ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 2002 ilikuwa na picha ya Fry akiwasomea wafungwa, na katika kundi la watazamaji alichorwa bwana mmoja mrefu mwenye miwani. Huyo ndiye Buxton. Urefu wake ulipita futi sita, na wenziwe walimpa jina la utani la Tembo.

Riziki yake aliipata katika kiwanda cha bia cha ndugu za mama yake mjini London, alikoingia mwaka 1808. Jambo hilo sitalifichaficha kwa sababu ya heshima ya misheni. Kitongoji cha Spitalfields, kilipokuwa kiwanda, kilikuwa cha wafumaji wa hariri waliokumbwa na njaa, na hotuba yake ya mwaka 1816 ya kuwachangia ndiyo iliyomtoa hadharani. Mwaka 1818 alitoa kitabu kuhusu hali ya magereza, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mbunge wa Weymouth. Kiti hicho alikikalia hadi mwaka 1837.

Mwaka 1820 ulimpiga pigo ambalo mzazi yeyote ataliogopa kulitaja. Katika muda wa majuma machache alizika watoto wanne, mwanawe wa kiume wa kwanza na binti watatu wadogo. Mwaka uliofuata Wilberforce, ambaye umri na maradhi vilikuwa vimemchosha, alimwomba achukue uongozi wa harakati dhidi ya utumwa bungeni. Buxton hakukubali papo hapo. Alitumia muda mrefu kusoma nyaraka na hesabu kabla ya kusema neno, na tabia hiyo ya kutofungua kinywa kabla ya kushika ushahidi mkononi ndiyo iliyowatia hofu maofisa wa serikali kuliko ufasaha wake, kwa maana yeye hakuwa msemaji hodari.

Ushahidi wake mmoja unatuhusu sisi wa Bahari ya Hindi. Waingereza waliiteka Mauritius kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, wakati biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kuharamishwa kwa sheria yao ya mwaka 1807. Hata hivyo watu kutoka Bukini, Msumbiji na pwani yetu waliendelea kushushwa kisiwani humo kwa maelfu, huku maofisa wakitazama kando. Mwaka 1826 Buxton aliipeleka habari hiyo bungeni. Aliyekuwa gavana wa kisiwa hicho, Sir Robert Farquhar, alikuwa sasa mbunge, akakaa mumo humo ukumbini akisikia utawala wake ukishtakiwa. Kazi ya kukusanya mashahidi ilimwangusha Buxton kitandani mwaka 1827, akakaribia kufa. Baadaye tume iliyotumwa na serikali yenyewe ilithibitisha kwamba biashara hiyo ilikuwapo.

Ya mwaka 1833 yanajulikana. Wanawake wa Uingereza, wakiongozwa na binti yake Priscilla na wenzake, waliwasilisha ombi lenye majina zaidi ya 187,000, mzigo ulioingizwa bungeni kwa kubebwa na watu kadhaa. Jamaica ilikuwa imewaka moto wa uasi wa watumwa tangu mwisho wa mwaka 1831, na uasi huo, tusisahau kuwaambia wanafunzi wetu, ulisukuma jambo hili pengine kuliko hotuba zote za London. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ikapitishwa, ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Pauni milioni 20 zililipwa fidia. Zililipwa kwa mabwana. Mtumwa hakupata hata senti, akalazimishwa kuendelea kumtumikia bwana wake kwa miaka kadhaa chini ya jina jipya la uanagenzi, hadi mwaka 1838. Buxton aliikubali fidia kwa moyo mzito ili sheria isife, na wenzake wengine hawakumsamehe kwa hilo. Yafaa tuikumbuke fidia hii, maana tutaiona tena Rabai.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1834 vita vilizuka katika mpaka wa mashariki wa Koloni la Cape, kusini mwa Afrika. Walowezi walilalamika kwamba Waxhosa wamevamia, wamechoma mashamba na kuchukua ng'ombe. Hayo yalikuwa kweli. Lakini hawakusema kwamba kwa miaka mingi Waxhosa wale walikuwa wakifukuzwa katika mabonde yao, na kwamba doria za askari zilikuwa zikivuka mpaka na kuswaga mifugo kwa kisingizio cha kufuata iliyoibwa. Gavana, Sir Benjamin D'Urban, aliingia nchini mwao na jeshi. Mfalme Hintsa wa Wagcaleka, ambaye nchi yake ilikuwa ng'ambo ya Mto Kei, alikwenda mwenyewe katika kambi ya Waingereza kuzungumza. Akazuiliwa, akadaiwa maelfu ya ng'ombe kuwa fidia. Tarehe 12 Mei 1835, akiwa chini ya ulinzi wa kikosi cha Kanali Harry Smith, alijaribu kutoroka, akapigwa risasi na kuuawa. Maiti yake ilikatwakatwa viungo. Siku chache kabla ya hapo gavana alikuwa amekwisha kutangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kei ni mali ya mfalme wa Uingereza, akaipa jina la malkia wa siku hizo, Adelaide.

Habari zilipofika London, hazikufika zikiwa uchi. Zilifika katika barua za gavana zikiwa zimevishwa mavazi ya ushindi, na magazeti yakashangilia. Buxton alikuwa na njia nyingine ya kupata habari. Mmisionari John Philip wa London Missionary Society, aliyekuwa Cape, alimwandikia na kumpelekea hati. Buxton alizisoma, akaihesabu habari ya kifo cha Hintsa kuwa mauaji, na hakuona aibu kusema hivyo kuhusu maofisa waliovaa sare ya nchi yake. Mwezi Julai 1835 aliliomba Bunge liunde Kamati Teule ya kuchunguza jinsi wenyeji wa nchi zinazopakana na makoloni ya Uingereza wanavyotendewa. Bunge likakubali, akawa mwenyekiti.

Kamati hiyo ilikaa kwa vipindi vitatu, hadi mwaka 1837. Ilichunguza Cape, Australia, New Zealand, Kanada na visiwa vya Pasifiki. Iliwaita magavana wa zamani, wanajeshi, wafanyabiashara na wamisionari. Na mwaka 1836 ilifanya jambo ambalo mabunge mengi hata katika karne yetu hayajajifunza kulifanya: iliwaita waliopigwa. Dyani Tshatshu, chifu wa Kixhosa, na Andries Stoffels, Mkhoikhoi, walivuka bahari wakatoa ushahidi mbele ya wabunge wa Uingereza, wakieleza ardhi ilivyochukuliwa na ng'ombe walivyoswagwa. Ripoti ya mwisho, ambayo sehemu kubwa yake iliandikwa nyumbani kwa Buxton na wanawake wawili, Priscilla na jamaa yao Anna Gurney, ambaye alikuwa kiwete tangu utotoni, ilisema bila kuzunguka kwamba upanuzi wa makoloni umewaletea wenyeji maangamizi, kwamba magavana wa mipakani hawapaswi kuachiwa kuanzisha vita na kunyakua nchi, na kwamba faida inayodaiwa kupatikana ni hasara kwa hazina na kwa heshima ya taifa.

Serikali nayo haikubaki kimya. Waziri wa Makoloni wakati huo alikuwa Lord Glenelg, mcha Mungu wa kundi lile lile la wapinga utumwa. Tarehe 26 Desemba 1835 alimwandikia D'Urban barua ndefu, ambayo naona ni miongoni mwa hati za ajabu katika historia ya dola za Ulaya. Katika barua hiyo waziri alimwambia gavana wake kwamba Waxhosa walikuwa na sababu ya kutosha ya kushika silaha, kwamba lawama ya vita iko upande wa koloni, na kwamba nchi iliyotwaliwa irudishwe. Ilirudishwa kweli kwa mikataba ya mwaka 1836, na D'Urban mwishowe akaondolewa katika ugavana. Ni nadra sana, katika karne ile au katika hii yetu, serikali kushinda vita, kisha ikaandika kwamba vita hivyo havikuwa vya haki na kurudisha ardhi.

Walowezi walimchukia Buxton kwa hilo, na wapo walioapa kwamba hajui Afrika, kwamba anakaa kwenye kiti chake London akidanganywa na wamisionari. Kwamba hakuijua Afrika ilikuwa kweli, na ndipo msiba wake ulipoanzia.

Msomaji akiirudia ile ripoti ya mwaka 1837 kwa makini, ataona kwamba mahali pote haisemi Waingereza waondoke. Inasema watawale kwa wema. Inapendekeza walinzi wa wenyeji, wamisionari zaidi na usimamizi kutoka London. Inamwona Mxhosa kuwa ni mtu aliyedhulumiwa, lakini pia kuwa ni mtoto anayehitaji mlezi. Buxton alikuwa na macho makali ya kuona dhuluma iliyofanywa na bunduki za wengine. Ile iliyoweza kufanywa na wema wake mwenyewe hakuiona.

Katika uchaguzi wa mwaka 1837 alipoteza kiti chake. Akawa na wakati wa kufikiri juu ya swali lililomsumbua: kwa nini, baada ya sheria zote na manowari zote za doria, watumwa wanaovushwa Bahari ya Atlantiki hawapungui? Jibu lake alilitoa katika kitabu cha mwaka 1839, na dawa yake katika kile cha mwaka 1840. Alisema biashara haramu haitakufa mpaka ipatiwe biashara halali ya kuishinda; kwamba Mwafrika afunzwe kulima pamba na mazao mengine na kuyauza, apewe Biblia na jembe pamoja; na kwamba kwa ajili hiyo serikali ya Uingereza itume meli ndani ya bara kwa njia ya Mto Niger, ifunge mikataba na wafalme, inunue ardhi na kuanzisha shamba la mfano. Hakutaka ushindi wa kivita, na hakutaka kumpora mtu. Hata hivyo alikuwa akiiomba serikali ile ile aliyoishtaki miaka mitatu iliyotangulia iingie katika nchi ya watu wengine na manowari.

Serikali ya Lord Melbourne ilikubali, ingawa shauku yake haikuwa kubwa. Tarehe 1 Juni 1840 ukumbi wa Exeter Hall mjini London ulifurika watu. Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, ndiye aliyeongoza mkutano. Kati ya umati ule alikuwapo kijana wa Kiskoti aliyekuwa akisomea udaktari na umisionari, jina lake David Livingstone. Mwaka huo Buxton akapewa cheo cha Sir.

Waliompinga hawakuwa wanunuzi wa watumwa peke yao. Robert Jamieson, mfanyabiashara aliyekuwa na shughuli zake katika mito hiyo, alionya kwamba mpango huo utaleta maafa. Na kutoka ndani ya nyumba ya Buxton mwenyewe, kwa maana ya Waquaker na wapinga utumwa, Joseph Sturge na chama chake kilichoundwa mwaka 1839 walikataa kuushika mkono msafara huo kwa sababu meli zake zilikuwa na silaha. Kwao, kumkomboa mtu kwa mzinga ni jambo linalojipinga lenyewe. Laiti Buxton angalikaa na Sturge akamsikiliza kama alivyowasikiliza Tshatshu na Stoffels! Lakini mtu aliyekwisha kuthibitika kuwa na haki mara moja huwa mgumu wa kusikia mara ya pili.

Meli tatu za mvuke, Albert, Wilberforce na Soudan, ziliingia Mto Niger mwezi Agosti 1841 chini ya Kapteni Trotter. Mikataba ilitiwa sahihi na mfalme wa Aboh na mfalme wa Igala. Ardhi ilinunuliwa karibu na makutano ya mito Niger na Benue, pale Lokoja, shamba la mfano likaanzishwa. Kisha homa ikashuka. Katika muda wa majuma machache karibu kila Mzungu aliyekuwamo aliugua, na zaidi ya 40 wakafa, akiwamo Kapteni Bird Allen, nahodha wa Soudan. Waafrika waliokuwa katika msafara walisaidia kuzirudisha meli pwani. Mmoja wa waliokuwamo alikuwa Samuel Ajayi Crowther, mtumwa aliyekombolewa ambaye baadaye alikuwa askofu. Mwaka 1842 shamba la mfano likaachwa. Wanafunzi wa sayansi wataona ajabu kwamba miaka 12 tu baadaye, mwaka 1854, Dakta Baikie aliupanda mto huo huo akiwapa watu wake kwinini kila siku, na homa haikumwua hata mmoja wao.

Magazeti ya London yalimcheka Buxton na Charles Dickens akauandika msafara huo kwa kejeli. Chama chake kikavunjwa mwaka 1843. Afya yake ilivunjika, na wale vijana waliokufa mtoni walimkaa rohoni. Akajitenga nyumbani kwake Northrepps, pwani ya Norfolk, akipanda miti, na huko ndiko alikofariki tarehe 19 Februari 1845. Alizikwa katika kijiji cha Overstrand.

Tungeweza kuishia hapo kama tungekuwa tunaandikia wasomaji wa Norfolk. Sisi tunaandikia wa Mombasa.

Buxton alikufa, dawa yake haikufa. Livingstone aliibeba mgongoni mwake hadi ziwa Nyasa. Mwaka 1844, miezi michache kabla ya kifo cha Buxton, Krapf wa C.M.S. alikuwa amekwisha kutia nanga Mombasa, akamzika mkewe ng'ambo ya bandari. Mwezi Oktoba 1845 Seyyid Said alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuzuia watumwa wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kumtaka Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Barghash alikataa, na akakubali mwezi Juni alipoambiwa kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Soko likafungwa. Alhamdulillahi, soko lilifungwa, na sitaki mwanafunzi yeyote anielewe kana kwamba nalililia. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo Sultani hakuwa tena bwana wa nyumba yake. Mwezi Januari 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga Ngome ya Yesu kwa mizinga ili kumtoa al-Akida aliyemwasi Sultani. Mwaka huo huo mji wa watumwa walioachwa huru ulianzishwa Kisauni, ukaitwa Freretown.

Mjukuu wa Buxton, aliyeitwa kwa jina lile lile na kurithi cheo kile kile, alishirikiana na William Mackinnon katika mpango wa barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea ziwa Nyasa, ulioanza mwaka 1877 na kufia njiani. Mwaka 1888 alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kutawala kutoka pwani yetu hadi bara. Mara tu kampuni ilipoingia, ilikuta misheni ya Rabai imewahifadhi watumwa watoro, na mabwana zao wa pwani wamekasirika. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa vyeti vya uhuru pale Rabai. Fidia ililipwa. Ililipwa kwa mabwana, kama ilivyokuwa mwaka 1833.

Kampuni ikashindwa, serikali ya Uingereza ikachukua nchi mwaka 1895, na mwaka huo huo ikaanza vita na Mbaruk bin Rashid wa Gazi vilivyoendelea hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujitia mikononi mwa Wajerumani. Mwezi Agosti 1896 jumba la Sultani huko Unguja lilipigwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakafa au kujeruhiwa. Hapo hapakuwa tena na Buxton wa kuunda kamati. Kizazi kilichorithi jina lake na dawa yake hakikurithi maswali yake.

Lakini kisa kinachonishangaza zaidi ni cha Frere mwenyewe. Mtu huyo aliyesifiwa kwa kufunga soko la Unguja alipelekwa kusini mwa Afrika mwaka 1877 kuwa Kamishna Mkuu. Mwaka huo huo alipigana na Wagcaleka, akamtangaza mfalme wao kuwa ameondolewa kitini. Mfalme huyo aliitwa Sarhili, naye alikuwa mwana wa Hintsa, yule yule aliyeuawa mwaka 1835. Baada ya hapo, mwezi Desemba 1878, Frere alimpelekea Mfalme Cetshwayo wa Wazulu masharti yasiyotekelezeka, na Januari 1879 majeshi yakavuka mpaka ilhali mawaziri wa London walikuwa wamemwambia hawataki vita. Tarehe 22 Januari, huko Isandlwana, jeshi la Kiingereza likapoteza watu zaidi ya 1,300 kwa siku moja. Mawaziri walimkemea, wapinzani bungeni wakadai afukuzwe, na mwaka 1880 akaitwa nyumbani. Zulu, hata hivyo, haikurudishwa kama ilivyorudishwa nchi ya Waxhosa mwaka 1836. Ile ya Waxhosa yenyewe ilikuwa imetwaliwa tena mwaka 1847, na aliyeitwaa alikuwa Harry Smith, sasa gavana.

Nimeulizwa na mwalimu mmoja faida ya kufukua mambo haya, ilhali mtihani unauliza tu sababu za kukomeshwa kwa utumwa. Nilimjibu kwamba sisi nasi sasa tuna majeshi na polisi wanaovuka mipaka. Mwezi Oktoba 1835 Buxton alikuwa akitafuta hati za kifo cha Hintsa. Mwezi Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia, na mwezi Juni 2024 polisi wetu walipelekwa Haiti, baada ya Mahakama Kuu kuwa imetamka mwezi Januari mwaka huo kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume na Katiba. Nia iliyotajwa mara zote mbili ilikuwa njema, kama ilivyokuwa njema nia ya meli Albert. Sisemi kwamba safari hizo zilifanana na vita vya D'Urban. Nauliza ni kamati gani ya Bunge letu iliyomwita mkulima wa Kismayu au mchuuzi wa Port-au-Prince na kumwuliza aliona nini. Mwalimu alicheka, akasema swali hilo halimo katika silabasi.

Jioni, matatu zikirudi, mtu akipanda gari pale Buxton huvuka Daraja la Nyali kwa dakika chache na kushushwa Kengeleni, penye ile kengele ya Freretown iliyopigwa zamani kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Amekwenda kutoka kwa Buxton hadi kwa Frere kwa nauli moja. Kengele ingali ikining'inia kandokando ya barabara, magari yakipita pande zote mbili.